Picha ya Mama na Kipimo Chake

Mwanangu, kuna siku moja ya mvua ambayo haijanitoka moyoni. Nilikuwa kijana, nimefiwa na mama, naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Bukavu. Kazi yangu ilikuwa katika ofisi ndogo kule mtaa wa Ibanda: kuandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu ya kuonyesha picha za mashamba ya Luvungi, ili mtu aweze kuchagua upana na urefu wa picha kwenye skrini.

Mchana wenzangu walitoka kwenda kula, wanacheka. Mimi nilibaki. Nikafungua ndani ya programu ile picha pekee ya mama niliyokuwa nayo, ya arusi fulani. Nikawakata watu wengine wote, nikaacha uso wake tu, mdogo kama ukucha. Nikaongeza kipimo. Nikaongeza tena. Uso ukajaa skrini, lakini macho yakageuka miraba ya kahawia, mdomo ukapotea kabisa. Kadiri nilivyomkuza ndivyo alivyoniondokea. Nililia, mwanangu.

Papa Mugisho, mkubwa wetu wa kazi, alirudi kuchukua mwavuli. Akasimama nyuma yangu.

"Uyu ni nani?"

"Ni mama, Papa. Wengine nilikata."

"Unamuvuta sana, mutoto. Iyo picha haina kitu ingine ya kukupa. Rudisha kipimo yake. Rudisha na wale watu wenye ulikata."

Nikatii. Picha ikawa ndogo, na mama akawa mama tena. Kando yake alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha njano, amemshika bega.

"Na uyu?"

"Maman Vumilia, rafiki yake. Iko mtaa wa Kadutu, hapa hapa mjini."

"Ulisha enda kumuona?"

"Bado, Papa."

"Anamulilia mama yako peke yake kule," akasema kwa ukali kidogo, "na wewe peke yako hapa. Enda!"

Jumapili nilikwenda, mvua ikinyesha tena. Maman Vumilia alifungua mlango, akanitazama, akaniita kwa jina la utotoni ambalo mama peke yake alizoea kuniita. Tulikaa mpaka mvua ikakatika, ananieleza jinsi mama alivyokuwa akicheka. Sitakudanganya: niliporudi, chumba changu kilikuwa kimya vilevile.

Lakini ukifiwa, mwanangu, usijifungie na kile kidogo kilichobaki, ukikivuta kila siku kikupe zaidi. Watafute waliosimama kando ya mtu wako. Nenda mapema, maana nao wanazeeka. Mungu akuwekee watu, na akupe miguu ya kuwafikia.