Mashine ya Kuchapa Iliyokuja na Kijerumani Chake

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini, kaka yangu aliyekuwa akisoma uhandisi Ujerumani alitutumia zawadi ya mashine ya kuchapa, printa ya kompyuta. Ililetwa na mchungaji mmoja aliyekuwa akirudi Mwanza, akiwa ameifunga kwa sweta zake ili isigongwe njiani. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa Mkuyuni, na kompyuta tulikuwa nayo tayari. Mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara, mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao, ndiye aliyetuuzia. Tuliiweka sebuleni mahali pa redio, na redio ikahamia juu ya friji. Wageni walipokuja walisalimia, wakakaa, kisha taratibu wakasogeza viti mbali nayo kidogo.

Zawadi ilifika wakati mzuri. Mke wangu alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama katika usharika wetu wa Kilutheri, na kwaya ilikuwa imealikwa Magu, kwenye sikukuu ya mavuno. Alikuwa ametunga nyimbo mpya, na waimbaji walihitaji maneno mkononi. Zamani wangekata stensili na kuzungusha mashine ya ofisi ya usharika, lakini ile ilikuwa imechoka, inachafua karatasi kuliko inavyoandika. Basi nilimwambia mke wangu asihangaike, nyimbo zake zitatoka kama kitabu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kubonyeza na kuona kitakachotokea. Nilijiamini.

Waya wa mashine ile ulikuwa wa aina mpya, wa USB, wenye kichwa bapa. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu mawili ya kuuingiza, ambayo hatukuwahi kuyatumia. Nilichomeka. Taa ya mashine ikawaka, lakini kompyuta ilikaa kimya kama mtu aliyeitwa na mdai. Nikachomoa, nikajaribu tundu la pili. Kimya kilekile.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa fundi aliyekuwa akitengeneza kompyuta za maofisi. Alicheka kidogo, akaniambia kompyuta nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani matundu hayo yakiwa yamezimwa. Akanieleza niiwashe, na kabla picha haijatokea nibonyeze kitufe cha kufutia, niingie kwenye mipangilio ya ndani na kuyawasha. Nilifanya hivyo mchana wa Jumamosi huku mke wangu akinichungulia. Nilipochomeka tena waya, kompyuta ikasema imeona kifaa kipya. Tulifurahi mno. Kumbe ilikuwa imekiona tu, haijakijua. Iliandika kwamba kifaa hakifahamiki, ikaomba draiva yake, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa.

Draiva ilikuwa kwenye sidii iliyokuja na mashine. Niliiweka, na dirisha likafunguka likiwa limejaa Kijerumani kitupu. Kijitabu nacho kilikuwa Kijerumani. Kaka yangu alikuwa amenunua dukani kama wanunuavyo wenyeji wa kule, wala hakufikiria zaidi. Nikabonyeza kwa kubahatisha, nikichagua kila mara kitufe kilichoonekana kuwa na moyo wa kukubali. Mwisho wake, kwenye orodha ya vifaa, mashine yetu ikawekewa alama ya kuuliza ya manjano. Nilirudia mpaka nikachoka, na alama haikuondoka. Mke wangu alichukua kalamu, akakaa mezani na kuanza kunakili nyimbo kwa mkono, na mwandiko wake mzuri uliniumiza kuliko lawama.

Jumatatu akafika shangazi yangu kutoka Bukoba, amekuja kumwona daktari wa meno. Alikuja kwa basi, akizunguka nchi kavu yote. Miaka ile, baada ya meli kuzama ziwani na watu wengi, wazee wetu wengi wa Bukoba walipenda basi kuliko meli, na hakuna aliyewauliza sababu. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mrefu asiyependa uzembe. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kijitabu juu ya meza. Akakiokota, akasoma mstari mmoja kwa sauti, kwa lafudhi nisiyoijua.

Nilikuwa nimesahau. Ujana wake alifanya kazi na wauguzi Wajerumani kule Kagera, na baadaye wakampeleka kwao akasomee ukunga. Kijerumani alikuwa hajakizungumza miaka mingi, ila alituambia lugha uliyogombezwa nayo haitoki kichwani.

Alikunywa chai kwanza. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta, yeye mgeni wa kwanza kukisogeza karibu, tukaanza. Shangazi hakujua kompyuta, mimi sikujua Kijerumani. Alisoma neno kwa neno, nami nikatekeleza. Tulifuta draiva ile niliyoiingiza kwa kubahatisha, tukachomoa waya, tukaanza upya. Mambo yakaenda vizuri hadi tulipofika ukurasa wenye mchoro wa waya.

"Unganisheni," alisoma, "waya. Sasa."

Nikachomeka waya palepale.

"Bado," akamalizia. "Msiunganishe bado. Mwanangu, Kijerumani huweka hapana karibu na mwisho."

Kompyuta ilikwisha andika kwamba kifaa hakifahamiki, na alama ya manjano ikarudi mahali pake. Mke wangu alicheka hadi akaiweka kalamu chini. Shangazi naye akacheka, mkono ukiwa shavuni kwa ajili ya jino lake, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Lakini kosa lile ndilo lililonifungua macho. Siku zote nilikuwa nachomeka waya kwanza, kisha naweka draiva. Kompyuta ilikuwa inakutana na kitu isichokijua, inakiandika kwenye orodha kuwa hakijulikani, na hata draiva ilipofika baadaye, ilishikilia jibu lake la kwanza. Nilimweleza shangazi. Akasema ni sawasawa na kumleta mama chumba cha kujifungulia kabla muuguzi hajafika.

Nilifuta jina la kifaa kwenye orodha, nikachomoa waya, nikazima na kuwasha. Safari hii shangazi aliniamuru nikalie mikono yangu mpaka amalize sentensi nzima na kuirudia kwa Kiswahili. Nilikuwa mtu mzima mwenye darasa langu, nikakalia mikono. Draiva iliingia yote, sidii ikatulia. Ndipo akasema, "Sasa."

Nilichomeka. Kompyuta ikaitaja mashine kwa jina lake kamili, kisha mashine ikajinyoosha ndani, ikakohoa, ikavuta karatasi. Mstari kwa mstari ukatokea wimbo wa mke wangu. Aliuchukua wino ukiwa bado haujakauka sawasawa, akausoma kimya, kisha akauimba ubeti wa kwanza akiwa amesimama pale pale. Shangazi alidaka sauti ya pili kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi.

Jumapili tulikwenda Magu, shangazi akiwa nasi, jino limeshang'olewa. Baada ya ibada wenyeji waliomba karatasi nao waimbe, zikawa zinashikwa na watu watatu watatu, vichwa vimegusana, wengine wakiimba kwa Kisukuma chao palipowashinda. Mzee wa kanisa alimuuliza mke wangu kiwanda gani cha uchapaji kimefanya kazi nzuri hivyo. Alimjibu kwamba ni cha familia, na fundi mkuu ni yule mama mrefu pale.

Shangazi alikaa kwetu siku nyingi kuliko alivyopanga. Aliona vumbi la Mkuyuni linavyoingia dirishani, akatoa uzi na sindano yake ya kufumia, akaifumia mashine kitambaa cheupe chenye ua katikati. Kila tulipotaka kuchapa ilibidi tukifunue kwanza, tukikunje na kukiweka juu ya kiti, naye alihakikisha tumekikunja vizuri.