Mama aligawana dawa ya magoti na mbwa wake

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii siyo chai. Mbwa mwenyewe yuko hai, anayebisha aje Isansa amwone.

Mimi natafutia riziki Mpemba, Tunduma. Mama yuko Isansa na kahawa zake. Tangu mzee atangulie, anaishi na mbwa wake, Bosi. Shambani wanakwenda wote, na kanisani Bosi anamsubiri nje mpaka ibada iishe. Sisi watoto tulishakubali kwamba kitinda mimba ni yeye.

Sasa Bosi kazeeka, miguu ya nyuma ikakaza. Mama naye anaumwa magoti. Kwa huruma zake akawa anakata kidonge chake cha diclofenac, nusu anameza, nusu anamfichia Bosi kwenye ugali. Wagonjwa wenza hao!

Siku moja akanipigia analia. "Mwanangu, Bosi anatapika damu. Nimemuua mwenzangu."

Nikakodi gari, nikawabeba wote wawili mpaka Vwawa kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole. Hakumgombeza mama hata kidogo, nikampenda bure. Alipomaliza kumtundikia Bosi dripu, akaeleza:

"Mama, mwili unatengeneza kitu kinaitwa prostaglandini. Kinachochea maumivu, lakini hichohicho kinalinda tumbo. Kidonge chako kinazuia kisitengenezwe, tumbo la mbwa linaumia. Ipo dawa ya mbwa inayokiacha kitengenezwe, ila inaziba kipokezi chake kimoja, kile kinachopokea ujumbe wa maumivu. Imejaribiwa kwa mbwa wenye viungo kama vya Bosi. Hata hiyo, mbwa wengine wakiinywa hutapika, kwa hiyo tumbo lipone kwanza."

Mama akafikiri. "Yaani maumivu yanafika, yanakuta mapokezi pamefungwa."

"Kipokezi, mama."

"Ndiyo, mapokezi."

Daktari akacheka, akasema basi, umeelewa.

Bosi alilazwa, tukaogopa sana, akapona. Dawa haikuwepo karibu, daktari akatuagizia. Leo anatembea polepole, na kanisani anafika.

Funzo wakuu: dawa ya binadamu usimpe mbwa, hata kama unampenda kufa. Muone daktari wa mifugo.

Juzi nilikuwa nyumbani. Mama anameza kidonge chake, Bosi kamkodolea macho. Mama akammegea tonge, akamwambia:

"Ugali tunagawana, baba. Dawa, kila mtu na mapokezi yake."

Wenye mbwa wazee leteni uzoefu wenu, nitamsomea mama kwenye simu. Bosi atakuwa miguuni pake, atasikia.