Maji Niliyompelekea Bibi

Kila Jumamosi mimi huwafundisha watoto wa Komunio ya Kwanza katika parokia yetu, Morogoro mjini, na somo ninalolijua kuliko yote ni ubatizo wa dharura. Mtu akiwa mahututi na padre yuko mbali, yeyote aweza kumbatiza: maji kichwani mara tatu, na maneno yake. Sharti kwamba mwenyewe awe ametaka huwa nalitaja mwishoni, harakaharaka.

Basi mama mdogo alipopiga simu kutoka milimani kusema bibi hali chakula wala hainuki, mimi sikuwaza dawa. Niliwaza maji.

Bibi, mzaa mama yangu, alikuwa Mwislamu wa swala tano. Mama aliolewa na Mkristo akabatizwa, nami nikabatizwa nikiwa mchanga. Bibi hakugomba. Alituma kuku wawili wa sherehe.

Ufalme wa Mungu niliofundishwa utotoni una lango moja. Ndani kuna karamu, nje kuna giza. Wiki ile nilijiona nimeketi kwenye karamu hiyo na sahani mbele yangu, na bibi yuko nje anabisha hodi. Chakula gani kingenipita kooni? Nilimfuata paroko baada ya misa, nikamuuliza ufalme huo unaishia wapi. Akasema mipaka yake anaijua Mungu mwenyewe, na tusiwafungie watu mlango ambao si wetu. Jibu zuri sana. Mimi nilitaka ndiyo au hapana, na nilirudi nyumbani nimenuna.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari hadi Mlali. Maji yoyote yanafaa, hata ya mfereji wa kumwagilia kabichi, nafundisha hivyo mwenyewe. Lakini mimi nikishafunga mlango hurudi mara mbili kuutikisa, kwa hiyo nilinunua chupa dukani, ambayo kizibo chake hakijaguswa. Nikachukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha nikapanda kwa miguu, chupa nimeibana kwapani kama mtu aliyeiba.

Nilifika alasiri. Mama mdogo alinikaribisha, akanikalisha kando ya kitanda, akaenda kuchuma mboga. Bibi alikuwa amefumba macho, amekonda, pumzi inakuja kwa kukatakata. Nikafungua chupa. Maji yakanimwagikia mapajani. Nilikuwa nimeinama juu yake alipofumbua macho.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nadhani kwa sauti ya mwizi.

"Marahaba, mume wangu. Umekuja na maji? Afadhali. Alasiri imeshaadhiniwa na huyu mama yako mdogo ananichelewesha. Hebu nitawadhishe."

Nikamwinua, nikamwegemeza ukutani, nikaweka beseni mapajani pake. Nikamwoshea viganja. Akasukutua, akatema, akapandisha maji puani kidogo, akakohoa. Kisha akafumba macho na kuniinulia uso.

"Mara tatu," akasema. "Usinidokolee."

Nikamimina ya kwanza, maji yakamshuka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yote. Ningeyanong'ona tu, asingesikia. Nikamimina ya pili. Uso wake ulikuwa umetulia mikononi mwangu, haunidhanii lolote. Nikamimina ya tatu, na nilikuwa nimenyamaza.

Nikamalizia mikono, nikampaka maji kichwani, nikamwosha miguu. Nililia bila kutoa sauti.

"Mbona unatetemeka?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamweleza maji yalikuwa ya nini, na kwamba nilitaka kumfanyia bila ruhusa yake. "Naogopa, bibi. Naogopa utaachwa nje ya ufalme wa Mungu, nami sitakuona tena."

Nikadhani nimemuudhi.

"Tangu siku ile mama yako alipokubeba kwenda kubatizwa," akasema, "na mimi nakuogopea hivyohivyo."

Miaka yote hiyo nilidhani hofu ni yangu peke yangu.

"Sasa nigeuze nielekee kibla, wakati unapita."

Bibi alifariki Jumatano iliyofuata, akazikwa siku hiyohiyo. Bado nafundisha watoto, na lile sharti sasa nalitaja mwanzoni. Wapo watakaosema nilikuwa na nafasi moja nikaipoteza, na kuna siku naungana nao.

Lakini alasiri ile nilimgeuza, nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu asianguke. Aliswali kwa ishara ya kichwa. Alipomaliza, akainua viganja vilivyokuwa bado na umajimaji, akaomba dua, na katikati ya maneno nisiyoyajua nikasikia jina langu.