Waliokuwa Wakivuta Msumeno Mmoja

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, kule Uriri, na mjukuu wa kaka yangu akanionyesha shimo lililofukiwa nusu katikati ya mahindi. Akaniuliza kama zamani palikuwa choo. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Choo! Mahali ambapo baba yangu alimalizia ujana wake wote, akiwa chini, ameinua uso na kufumba macho.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana huenda wewe umekua ukiziona mbao dukani tu. Miaka ile ya kwanza ya uhuru mbao zilipasuliwa kwa mikono. Lilichimbwa shimo la kumzidi mtu mzima kimo, gogo likalazwa juu yake, na watu wawili wakashika msumeno mmoja mrefu. Mmoja alisimama juu ya gogo akifuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye masizi. Mwingine alikuwa shimoni akivuta, na unga wote wa mbao ukimwangukia usoni. Mkubwa alikaa juu, mdogo akaingia chini. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza.

Baba alikuwa wa chini. Wa juu alikuwa jirani yetu, Mkuria aliyetoka pande za Ntimaru kufuata kazi ya miti, akapata kipande cha ardhi, akakaa. Baba hakujua Kikuria, na Kijaluo cha jirani kilikuwa cha kuombea maji tu, basi wakaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Walikuwa na wimbo wao: wa juu akianza, wa chini aliitikia, na msumeno ukaenda kwa pumzi zao. Sisi watoto tuliusikia tukiwa mtoni tukichota maji.

Na palikuwa na mwiko. Kabla ya kuanza kazi ilikuwa lazima wanywe uji wa mtama, ule mchachu, kutoka kibuyu kimoja. Huyu akishakunywa anampa mwenzake. Mwenye kinyongo hawezi kupokea kibuyu, na asiyepokea haruhusiwi kushika msumeno. Tena mkato ulioanzwa na wawili, hao hao ndio waumalize. Wapasuaji wengine wasingeugusa hata ukiwapigia magoti.

Mwaka ninaousema, nyanya yangu, mama yake baba, alitoa mvule uliosimama nyuma ya nyumba yake upasuliwe mbao za mashua za wavuvi wa upande wa Homa Bay. Alitoa kwa sharti moja. Babu alikuwa amezikwa katika ngozi ya ng'ombe, kama desturi ilivyotaka. Yeye alikuwa amebatizwa, akataka sanduku, tena la mti wake mwenyewe. "Mniachie mbao zangu," akawaambia, kama mtu anayeagiza chumvi sokoni.

Mbao za kwanza zikatoka mbovu. Fundi wa mashua alipokuja kuzichukua, akazipima kwa vidole: nene huku, nyembamba kule. Akazikataa; hazikufaa mashua wala sanduku. Jirani, mbele ya mgeni, akamnyooshea baba kidole.

"Huyu wa chini ndio anavuta upande."

"Mimi nakula vumbi tu huko," baba akajibu. "Macho iko juu. Si wewe ndio unaona mstari?"

Yakafuata maneno mengine ambayo mama alitufukuza tusiyasikie. Kesho yake asubuhi mama akapeleka kibuyu kama kawaida. Baba akanywa, akanyoosha mkono. Jirani akageuza uso, akachukua koti lake, akaenda zake.

Gogo likabaki juu ya shimo, mkato umefika katikati, kabari imenasa ndani. Mvua ndefu zikalinyeshea mpaka uyoga ukaota kwenye gamba lake. Na nyanya akaanza kukohoa. Akakonda, akawa wa kuinuliwa. Jamaa wakashauri tununue mbao nyingine Rongo, tuache ujinga. Nyanya hakutaka kusikia. "Wale ni wanangu wote wawili," alisema. "Nitawangoja."

Nilimchukia jirani yule. Nilimchukia baba pia, kidogo, maana alizunguka njia ndefu ya kwenda sokoni ili wasikutane. Watu wazima na ndevu zao wananuniana, na mama yao anakwisha! Ningekuwa na nguvu ningewachapa.

Nyanya akafa kabla mtama haujakomaa. Asubuhi ile, wanawake wakilia uani, baba alikwenda akakaa kando ya gogo lake, mikono mapajani. Maziko yalikuwa kesho, na wazee walikwisha kuanza kunong'ona juu ya ngozi.

Ndipo jirani akaja, msumeno begani. Hakusalimu mtu. Mama akatoka jikoni na kibuyu, akampa. Jirani akanywa, akampa baba, baba akanywa. Kisha yule mzee akavua shati, akaanza kushuka shimoni.

"Hapana, omera," baba akasema. "Ndugu yangu, wewe ni mkubwa."

"Ndiyo sababu," jirani akajibu, na kichwa chake kikapotea chini ya gogo.

Baba akapanda juu, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Hawakuimba. Msumeno ulikwenda polepole, na kutoka shimoni tulimsikia mzee akikohoa kila unga ulipomwangukia. Alipotoka jioni alikuwa analia, na hakujificha. Mama akamnawisha uso kwa maji ya uvuguvugu. Siku ya pili nyanya akalazwa ndani ya mti wake, na waliombeba mbele walikuwa hao wawili.

Wote wamekwenda sasa. Siku hizi ukitaka mbao unamwita kijana mwenye mashine ya petroli. Anafika kwa pikipiki, na kabla ya chakula cha mchana mvule mzima umekwisha. Mbao zake zimenyooka kuliko zao, siwezi kusema uongo. Lakini nilimtazama juzi akifanya kazi, nikasikia uchungu ambao sikuutarajia. Hahitaji kunywa uji na mtu yeyote. Anaweza kuwa na kinyongo na kijiji kizima, na mti utapasuka vile vile.