Mguu Uliofichwa

Walimwita Mama Vidole kwa sababu vidole vyake vilikimbia kwenye nywele kama vinafukuzwa. Alisuka amesimama kutwa, na mdomo wake haukupumzika. Mteja akicheka mpaka kichwa kikatikisika, alimfinya shingo: "Tulia, mwanangu, nisije nikakusuka na sikio."

Kisukari kilipomla mguu chini ya goti, alilia, akanyamaza, akapewa mguu wa bandia, akarudi saluni. Lakini kigutu kilizidi kukonda, mguu ukawa unapwaya. Akavaa soksi juu ya soksi. Siku za joto jasho lilijaa humo ndani, ngozi ikachubuka, naye akasuka ameuma meno. Siku moja mguu ulizunguka, kidole gumba kikatazama nyuma, akaanguka na chanuo mkononi. Hakuna aliyecheka.

"Uvue mpaka kidonda kikauke," fundi wa viungo bandia alimwambia. "Ukikaidi, hata goti litakwenda."

"Na magongo niyashike kwa mikono ipi? Hii ndiyo ninayosukia."

Fundi akamfunga bendeji mpya.

Alijaribu kusuka akiwa kitini. Mgongo ukagoma, mistari ikaenda kombo. Wateja wakaanza kupita mbali. Basi akawa anauvaa mguu ule kisirisiri, mdogo wake waliyeishi naye akishatoka kwenda kazini, mpaka mdogo wake alipoona damu kwenye shuka. Kesho yake mguu haukuwepo.

"Nimeuficha," mdogo mtu alisema mlangoni, macho mekundu. "Nichukie, dada, ila siwezi kukuzika vipande vipande."

Alipobaki peke yake, Mama Vidole alishuka kitandani akatambaa. Akachungulia uvunguni. Akapapasa nyuma ya pipa la maji. Akafungua kabati, akamwaga nguo zote chini. Saruji ilimkwaruza kigutu, bendeji ikalowa. Hakuupata. Akaegemea ukuta akihema, mama mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hodi! Mama Vidole!" Sauti ya binti, ya furaha. "Kesho naolewa, na kichwa changu simwachii mwingine!"

Alifumbua mdomo aseme karibu. Akautazama mlango, kitasa kilikuwa juu, mbali.

"Hayupo," akajibu, akiibadili sauti.

"Kaenda wapi?"

"Kasafiri."

"Atarudi lini?"

Mama Vidole akajifuta vumbi kwenye nyusi. Mwishowe viatu vya yule binti vikasikika vikishuka ngazi.