Mchoro Niliouvalisha Kwaya

Niliishia darasa la tatu, lakini nguo nabuni mwenyewe, nachora kwa kidole kwenye simu. Kwaya yetu ya Ipyana iliponiagiza sare, nilitaka ziniletee jina. Nikaenda ziwani kwa mama mfinyanzi, nikaona nyuma ya nyumba chungu chenye mstari uliopinda kama radi. Sikuuliza, mimi huwa siulizi. Nikaupiga picha, nikauchora, nikautarizi kwenye sare zote.

Jumapili nikatamba kanisani: "Huu ni urembo wa bibi zetu!"

Yule mama, niliyemwalika mwenyewe, akacheka. "Bibi yupi, mzee? Chungu kile kilinipasukia motoni, nikakitupa. Huo ni ufa!"

Kwaya nzima ikajitazama vifuani. Nikamgeukia. "Basi nionyeshe urembo wenyewe, mama. Hizi nazifumua leo leo."