Programu ya Kumsemea Baba

Baba yangu alipopooza upande wa kuume, mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono nao ukafuata, lakini maneno hayakurudi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hapa Bukavu maisha yake yote, mtu wa kuongea tangu anapoamka. Sasa alifungua mdomo ikatoka "ta, ta", na yeye mwenyewe akasikia kwamba sicho alichotaka kusema. Akili yake ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililotuumiza nyumbani: kumwona analijua neno, na neno linamkatalia.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nikamtengenezea moja ndogo: picha kubwa zinajaa kwenye kioo, ukibofya picha, kompyuta inasema. Maji. Nasikia baridi. Nipeleke nje. Aliyeyasema maneno hayo ni baba mdogo, kwa sababu sauti yake inafanana na ya baba. Tuliyarekodi kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kiswahili, madirisha yamefungwa ili pikipiki za barabarani zisiingie ndani ya maneno. Siku ya kwanza baba alibofya "Nasikia baridi" tena na tena, jua likiwaka, huku anacheka kwa nusu ya uso.

Kine, yaani mtaalamu wa viungo aliyekuwa anakuja kumnyoosha baba, aliona yote hayo. Alikuwa mama mpole, mwenye mikono ya nguvu.

"Papa, hii kitu niko na familia zingine zinaihitaji," aliniambia. "Wagonjwa wangu ni wengi ambao hawasemi. Unaweza kutupatia?"

Nikakubali haraka mno, nikaongeza na kitufe cha kurekodi ili kila familia iweze kutia sauti zake. Kwa baba niliiweka mwenyewe, nikinakili faili moja moja. Watu wengine wasingeweza kufanya hivyo, na mashini zao hazikufanana. Familia moja ya Cimpunda ilikuwa na Windows ya zamani. Nyingine, wakulima wa Nyantende, walikuwa na Mac waliyoachiwa na ndugu aliyekuja likizo kutoka Ulaya. Kwenye kituo cha kine mwenyewe kulikuwa na kompyuta nzito kwa uzee, wakaitilia Linux, mfumo mwepesi, ili ipate kupumua.

Nikatafuta chombo kinachotengeneza visakinishi, yaani lile faili moja ambalo mtu analibofya na programu inajipanga yenyewe ndani ya mashini. Unakiandikia maelezo yako mara moja, nacho kinakutolea kisakinishi cha Windows, cha Mac na cha Linux. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilikula majuma.

Chombo kile kilikuwa na maswali mengi. Programu inaitwaje? Ikae kwenye folda gani? Picha yake ndogo iko wapi? Ukurasa wa kukaribisha uwe kwa lugha gani? Kiswahili hakikuwemo, nikakiandika mwenyewe, sentensi kwa sentensi, nikimsomea baba. Sentensi ikimchosha, alifumba macho, nikaifupisha. Tulipofika kwenye swali la mtengenezaji ni nani, nilisita. Baba akanyoosha kidole, akajigusa kifuani.

"Weye, papa?" nikamuuliza.

"Ta," akasema, na safari hii ilikuwa wazi kabisa. Nikaandika jina lake.

Kisakinishi cha Linux kilitoka kikawa bubu: picha zote zipo, sauti hakuna. Nilihangaika nacho mpaka nikagundua kwamba faili la sauti mahali pengine nimeliandika "Maji" kwa herufi kubwa na kwingine "maji" kwa ndogo. Windows haikujali, lakini kwa Linux hayo ni mambo mawili tofauti. Kile cha Windows kikafanya kazi, ila kabla hakijafunguka, mashini ilitoa onyo: mtengenezaji hajulikani. Ili onyo lisitokee lazima uwe na cheti maalumu, nami sikuwa nacho. Baba alilisoma. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma, hajulikani! Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikacheka naye.

Kwa hiyo familia zenye Windows nilizipigia simu kwanza. "Mashini itawaogopesha. Bofyeni informations complémentaires, halafu exécuter quand même." Wakabofya "maelezo zaidi", kisha "endesha hata hivyo", ikaenda vizuri.

Baadaye nikatoa toleo jipya, lenye picha nyingi zaidi. Mama wa Cimpunda, ambaye mume wake, fundi wa kujenga, ndiye aliyepotewa na usemi, akalikataa kwenye simu.

"Papa, mi siweke hii mupya."

"Sababu gani, maman?"

"Ile sauti ndani iko ya mutoto wangu. Alituwekea maneno yote mbele ya kwenda kuolewa kule Sange. Nikiweka mupya, sauti yake itaenda wapi?"

Nikakata simu. Nilifungua maelezo niliyoyaandikia kisakinishi nikakuta mstari unaosema: kabla ya kuweka toleo jipya, safisha folda yote. Na sauti ambazo familia zilijirekodia zilikuwa kwenye folda hiyohiyo. Nikampigia tena nikamwambia asiguse kitu.

Nikaanza upya. Kila aina ya mashini ina mahali pa kuwekea vitu vya mwenye mashini, mbali na programu yenyewe. Nikahamishia sauti huko, kwa zote tatu, nikaamuru kisakinishi kisipaguse hata mtu akiamua kuiondoa programu. Nikajaribu kwenye kompyuta zangu: nikajirekodi, nikaweka toleo jipya juu ya la zamani, nikabofya. Sauti yangu ilikuwepo.

Kwa yule mama wa Cimpunda nilikwenda mwenyewe. Nilinakili kwanza sauti za binti pembeni, mama akiwa amesimama nyuma yangu, kisha nikaweka toleo jipya. Nikabofya picha ya chai. Sauti ya msichana ikajaa chumbani: "Nataka chai." Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi, ongea na sisi," akamwambia mume wake, akimsogezea kompyuta.

Yule fundi alitazama picha mpya kwa muda mrefu. Mkono wake ulijua unakokwenda. Akabofya mojawapo ya zile mpya: "Sipendi." Kisha akaelekeza kidole kwenye redio iliyokuwa inaimba juu ya kabati.

"Radio?" mama akashangaa. "Lakini kila siku nakufungulia, nilizani inakufurahisha!"

Akabofya tena. Sipendi. Sipendi.

Mama akaizima, akaketi karibu naye, na wote wawili wakaanza kucheka.